Namba Tasa Zilizo Nyuma ya Kufuli la Tovuti

Mtumiaji anapofungua tovuti ya benki, ya duka la mtandaoni au ya ofisi ya umma, aghalabu huona pembeni mwa anuani alama ndogo ya kufuli. Wengi hufahamu kwamba alama hiyo inahusu usalama, na huishia hapo. Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: kufuli hilo limetengenezwa kwa kitu gani, na mtumiaji aliamini kwa kiasi gani?

Sehemu ya kwanza ya jibu huwashangaza wengi. Kufuli hilo halikutengenezwa kwa chuma wala kwa ulinzi wa mtu, bali kwa hisabati ya namba tasa, zile zile zinazofundishwa katika shule ya msingi, isipokuwa hizi ni kubwa mno. Sehemu ya pili haiwezi kujibiwa vema bila kuielewa ya kwanza, na ndiyo maana tumeona ni vema makala hii ifuate njia hiyo. Anayejua kuzidisha na kugawanya hatahitaji elimu nyingine. Kalamu na karatasi vitamfaa.

Tuweke wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Tunayoyaeleza hapa yanahusu tovuti, programu za simu janja na vifaa vinavyounganishwa na intaneti. Huduma za fedha zinazopatikana kwa kubonyeza nyota na reli kwenye simu ya kawaida zina utaratibu wake wa ulinzi, ambao si mada ya leo.

Namba tasa ni nini

Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. Namba 12 si tasa, kwa sababu hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Jina lenyewe limetokana na utasa, yaani kutozaa, ingawa kwa maoni yetu halizitendei haki namba hizi: kwa njia ya kuzidisha, namba nyingine zote zimezaliwa nazo. Namba 60 ni 2 × 2 × 3 × 5, na hakuna seti nyingine ya namba tasa itakayokupa 60. Kila namba ina ukoo wake mmoja tu.

Namba hizi hazina mwisho. Mgiriki Euclid, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alilithibitisha hilo kwa hoja fupi. Chukua orodha yoyote ya namba tasa, kwa mfano 2, 3 na 5. Zizidishe zote upate 30, kisha ongeza 1 upate 31. Ukiigawanya 31 kwa namba yoyote iliyomo katika orodha, daima utabaki na 1. Kwa hiyo, lazima kuwe na namba tasa nyingine nje ya orodha hiyo, hata orodha iwe ndefu kiasi gani.

Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma ni kazi

Zidisha 83 kwa 97. Kwa kalamu, kazi hiyo haizidi dakika moja, na jibu ni 8,051. Sasa mpe jirani yako namba 8,051 pekee, umwambie akutafutie namba mbili tasa zilizoizaa. Atajaribu kuigawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, na ataendelea hivyo hadi afike 83. Njia ya kwenda ni fupi, ya kurudi ni ndefu, na kadiri namba zinavyokua ndivyo tofauti hiyo inavyozidi. Hapo ndipo ulipo msingi wa kufuli.

Historia ina mfano mzuri. Chukua namba 2, izidishe yenyewe hadi ziwe 2 zipatazo 67, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alidai mwaka 1644 kwamba namba hiyo ni tasa. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakuweza kusema inagawanyika kwa namba zipi. Ilimlazimu dunia kusubiri hadi mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipoonyesha mbele ya wanahisabati wenzake kwamba namba hiyo ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alifanya hesabu yote ubaoni bila kutamka neno, akarudi kwenye kiti chake.

Msomaji azingatie alichokifanya Lucas, kwa sababu tutakihitaji mbele. Alijua kwamba namba ile si tasa bila kuvijua vigawo vyake. Kujua kama namba ni tasa na kuvijua vigawo vya namba isiyo tasa ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza, kwa mbinu za leo, ni nyepesi hata kwa simu ya mkononi. Ya pili bado ni ngumu kwa kompyuta zote za dunia, maadamu namba iwe kubwa vya kutosha.

Mwaka 1977 wanasayansi watatu nchini Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliligeuza gumu hilo kuwa kufuli, ambalo hadi leo huitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa amefikia wazo hilo hilo mwaka 1973, lakini alikuwa mtumishi wa idara ya siri na kazi yake haikutangazwa hadi mwaka 1997. Utaratibu wenyewe kwa ufupi ni huu. Mwenye tovuti huteua namba mbili tasa kubwa, huzizidisha, kisha hulitangaza zao lake hadharani. Zao hilo ndilo sehemu ya ufunguo wa wazi, na yeyote anaweza kulitumia kufunga ujumbe au kuhakiki saini ya tovuti. Namba mbili za asili hubaki siri. Anayezijua ndiye pekee anayeweza kufungua ujumbe au kutia saini. Kwa hiyo, mtu akifaulu kulivunja zao hilo na kuzipata namba mbili tasa, anaweza kujifanya kuwa ndiye tovuti ya benki yako.

Zao hilo lapaswa kuwa kubwa kiasi gani? Wagunduzi wa RSA walitoa changamoto mwaka ule ule wa 1977 kwa kutangaza namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Ilivunjwa mwaka 1994 na watu wa kujitolea wapatao 600 walioziunganisha kompyuta zao kwa intaneti. Mwaka 2020 namba ya tarakimu 250 nayo ilivunjwa, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta ya kisasa kingeichukua takribani miaka 2,700. Funguo za tovuti za leo zina tarakimu zisizopungua 617, na kila moja ya namba mbili tasa zinazozaa ufunguo huo ina tarakimu 308 au 309. Kazi ya kuuvunja haiongezeki kwa mara mbili au tatu tu kulinganisha na ule wa tarakimu 250, bali kwa mamilioni ya mara na zaidi.

Jinsi kifaa kinavyozipata namba hizo

Mtumiaji anaweza kujiuliza: ikiwa ni vigumu hivyo kuzichambua namba kubwa, kifaa hujuaje kwamba namba ya tarakimu 308 ni tasa? Hakiwezi kujaribu kuigawanya kwa kila namba iliyo ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa jua lingezimika kabla ya kumaliza.

Jibu lilianzia kwa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hisabati, mwaka 1640. Aligundua sifa moja ya namba tasa. Chukua namba tasa, tuseme 7. Chukua 2 na uizidishe yenyewe mara pungufu ya 7 kwa moja, yaani ziwe 2 zipatazo 6: unapata 64. Gawanya 64 kwa 7 na utabaki na 1. Kila namba tasa isipokuwa 2 yenyewe hutoa baki hiyo ya 1. Sasa jaribu 9, ambayo si tasa. Namba 2 zipatazo 8 zikizidishwa hutoa 256, na 256 ikigawanywa kwa 9 hubaki 4. Baki si 1, basi 9 si tasa, na tumelijua hilo bila kuitaja 3 hata kidogo.

Kipimo hicho kina wadanganyifu wake. Namba 341 ni 11 × 31, lakini ukiipima kwa 2 itakupa baki ya 1 kana kwamba ni tasa. Ukiipima kwa 3, uongo wake hufichuka. Zipo nyingine, kama 561, ambazo hupita kwa kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nazo. Ndiyo sababu vifaa vya leo hutumia kipimo kilichoboreshwa na Gary Miller na Michael Rabin, ambacho namba isiyo tasa haina uwezekano unaozidi 1 kwa 4 wa kukipita kila inapopimwa kwa namba iliyochaguliwa kwa nasibu. Ipime mara 40, na uwezekano wa kudanganywa huwa mdogo kuliko wa kushinda bahati nasibu kubwa mara kadhaa mfululizo.

Tena namba tasa si adimu kama mtu anavyoweza kudhani. Miongoni mwa namba za ukubwa huu, kwa wastani 1 kati ya 710 ni tasa. Ukiziacha zinazogawanyika kwa 2, ni 1 kati ya 355. Kifaa hubuni namba kwa nasibu, huipima, na ikishindwa hubuni nyingine. Baada ya majaribio mamia kadhaa huwa kimeipata. Na hazina hiyo haikaushiki. Idadi ya namba tasa zenye ukubwa huo huandikwa kwa tarakimu zaidi ya 300, ilhali idadi ya atomi zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kwa namba ya tarakimu 80 hivi.

Kwa hesabu hiyo, vifaa viwili duniani kuteua namba tasa moja kwa bahati ni jambo ambalo halipaswi kutokea kamwe. Lakini limetokea, na mara nyingi.

KKS ya darasani ilivyofungua makufuli

Mwaka 2012 vikundi viwili vya watafiti, kimoja cha vyuo vikuu vya Michigan na San Diego nchini Marekani na kingine kilichoongozwa na Arjen Lenstra nchini Uswisi, vilikusanya mamilioni ya funguo za wazi kutoka intaneti. Hawakujaribu kuuvunja ufunguo wowote kwa nguvu. Walifanya jambo ambalo kila aliyemaliza shule ya msingi amewahi kulifanya: walitafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, ile KKS, kati ya ufunguo mmoja na mwingine.

Tuonyeshe kwa namba ndogo. Tuseme kifaa kimoja kimetangaza 8,051 na kingine 8,633. Kila moja peke yake inasumbua kuichambua. Lakini toa ndogo katika kubwa: 8,633 − 8,051 = 582. Gawanya 8,051 kwa 582. Inaingia mara 13 na kubaki 485. Gawanya 582 kwa 485, inabaki 97. Gawanya 485 kwa 97. Inaingia mara 5 kamili, hakuna baki. KKS ni 97. Sasa 8,051 ÷ 97 ni 83, na 8,633 ÷ 97 ni 89. Makufuli yote mawili yamefunguka kwa mistari minne ya hesabu, kwa sababu tu wenye makufuli walitumia namba tasa moja ya pamoja. Njia hii ya kutafuta KKS ilielezwa na Euclid yule yule, na hufanya kazi kwa namba za tarakimu 617 karibu kwa wepesi ule ule.

Kwa njia hiyo watafiti wa Marekani walizipata siri za funguo za takribani nusu ya asilimia 1 ya mashine walizozichunguza zenye kufuli la aina ile inayotumika katika tovuti. Nyingi hazikuwa za benki wala za maduka makubwa. Zilikuwa ruta na vifaa vingine vidogo vya mtandao, vya aina inayowekwa majumbani na maofisini. Chanzo kilikuwa hiki: kifaa cha aina hiyo huunda ufunguo wake mara tu kinapowashwa kwa mara ya kwanza. Wakati huo hakina kibodi inayobonyezwa, hakina kumbukumbu ya matumizi, na wakati mwingine saa yake bado inasoma sifuri. Hakina mahali pa kuchota nasibu. Basi vifaa vilivyotoka kiwanda kimoja, vikiwa katika hali moja, vilibuni namba zile zile.

Mnunuzi wa kifaa kama hicho hakuwa na namna ya kulijua hilo. Boksi liliandikwa ukweli: ufunguo ulikuwa mrefu kama inavyotakiwa. Namba zilikuwa tasa kweli, na zilikuwa kubwa kweli. Zilikosa sifa moja tu, ile ya kutotabirika, na bila hiyo mbili za kwanza hazina thamani. Mtu aliyeipata siri ya ruta angeweza kujifanya kuwa ndiyo ruta yenyewe na kuisoma nywila ya mwenye nyumba inapoandikwa.

Kadi za Estonia

Tukio la pili ni la mwaka 2017, na liligusa taifa zima. Estonia, nchi ndogo ya Ulaya ya Kaskazini, huwapa wananchi wake kadi ya utambulisho yenye chipu ambayo kwayo hutia saini mikataba, huingia benki na hata kupiga kura kwa intaneti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk nchini Jamhuri ya Cheki waligundua kwamba programu iliyokuwamo katika chipu hizo, zilizotengenezwa na kampuni ya Infineon, ilizitafuta namba tasa kwa njia ya mkato. Badala ya kubuni namba kwa nasibu katika upana wote, ilizijenga kwa muundo maalumu ili kazi iishe upesi, kwa kuwa chipu ya kadi ina nguvu ndogo. Namba zilizopatikana zilikuwa tasa, lakini zilitoka katika kundi finyu mno kuliko ilivyodhaniwa. Mtaalamu aliyeutazama ufunguo wa wazi aliweza kuitambua alama ya muundo huo mara moja, na kutoka hapo kuuvunja kukawa kazi ya gharama ambayo mhalifu mwenye fedha angeimudu.

Mwanzoni mwa Novemba 2017, Serikali ya Estonia ilisitisha matumizi ya kielektroniki ya kadi zaidi ya 700,000 hadi wenye kadi wazihuishe. Ilisema haikuwa na taarifa ya kadi yoyote iliyotumiwa vibaya kwa njia hiyo. Sisi tunalitaja tukio hili kwa sababu ya namna lilivyotatuliwa. Kadi nyingi hazikuhitaji kubadilishwa. Zilihuishwa kwa programu mpya, wengine wakifanya hivyo wakiwa nyumbani. Aliyelipokea tangazo na kulifanyia kazi alirudi katika hali ya usalama. Aliyelipuuza alibaki na kadi isiyofanya kazi mtandaoni. Nchi yenye watu wachache na mfumo mmoja iliweza kumfikia kila mtu. Kwa ruta aliyoinunua mtu dukani miaka sita iliyopita, hakuna wa kumpelekea barua.

Namba tasa kubwa kuliko zote

Mara kwa mara vyombo vya habari hutangaza kwamba imepatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Tunapoandika makala hii, inayoshikilia nafasi hiyo ilipatikana Oktoba 2024 na Mmarekani Luke Durant, katika mradi wa kujitolea uitwao GIMPS. Ni 2 zipatazo 136,279,841 zikizidishwa, kisha kutolewa 1, na ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapisha kwa tarakimu 3,000 katika kila ukurasa, utahitaji kurasa zaidi ya 13,600. Ni ugunduzi wa heshima katika hisabati. Katika kulinda akaunti yako haina kazi yoyote.

Sababu yake msomaji ameshaiona. Namba inayojulikana na kila mtu haiwezi kuwa siri. Namba za aina hii zinazojulikana, yaani za 2 zilizozidishwa na kutolewa 1, zilikuwa 52 tu baada ya ugunduzi huo, na mhalifu angezijaribu zote kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mtumiaji akikutana na muuzaji wa programu au wa uwekezaji wa sarafu za mtandaoni anayejigamba kwamba mfumo wake unalindwa na namba tasa kubwa kuliko zote duniani, na ajue kwamba muuzaji huyo ama haelewi anachokiuza, ama anategemea kwamba mnunuzi hataelewa.

Haki inatudai tuongeze kwamba si kila kufuli huificha namba tasa yake. Programu ya WhatsApp, kwa mfano, hutegemea namba tasa ipatikanayo kwa kuzidisha 2 zipatazo 255 na kutoa 19. Ina tarakimu 77 na imechapishwa wazi kwa yeyote. Huko namba tasa ni kama uwanja ambao mchezo unachezwa juu yake. Siri ni namba nyingine, ambayo kila simu huibuni yenyewe. Hata hivyo, sharti ni lile lile: namba hiyo ya siri isipobuniwa kwa nasibu ya kweli, uwanja mzuri hausaidii kitu.

Jambo ambalo kufuli halisemi

Sasa tunaweza kuijibu sehemu ya pili ya swali. Kufuli likiwa zima, linamhakikishia mtumiaji mambo mawili: kwamba mazungumzo kati ya kifaa chake na tovuti hayasomwi njiani, na kwamba tovuti hiyo kweli ndiyo yenye anuani iliyoandikwa juu. Halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Cheti kinachowezesha kufuli kuonekana hupatikana bila malipo, na tapeli anaweza kukipata kama anavyokipata mfanyabiashara halali. Tovuti ya kitapeli yenye anuani inayotofautiana kwa herufi moja na ya benki yako itaonyesha kufuli, na kufuli hilo litakuwa la kweli: utakuwa umeongea na mwizi kwa faragha kamili. Kwa kutambua jinsi watu walivyolielewa vibaya, kivinjari cha Chrome kiliiondoa alama hiyo mwaka 2023 na kuweka nyingine. Kwa hiyo kinachopaswa kusomwa ni anuani yenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kuandika nywila au namba ya kadi.

Upande wa vifaa, mtumiaji hawezi kuipima namba tasa iliyomo ndani ya ruta yake. Anachoweza ni kukubali masasisho ya programu yanapotolewa, kwa sababu kasoro za aina tulizozieleza hurekebishwa kwa njia hiyo. Baada ya kusasisha ruta iliyonunuliwa zamani, ni vema kuirudisha katika hali ya kiwandani ili iunde ufunguo mpya, kisha kubadilisha nywila yake. Aliyeletewa ruta na mtoa huduma amwombe mtoa huduma afanye hivyo. Ni haki yake kuuliza.

Hitaji hili litaongezeka. Tangu mwaka 1994, Peter Shor alipolionyesha jambo hilo kwa hesabu, inajulikana kwamba kompyuta za aina ya kwantamu, zikifikia nguvu ya kutosha, zitaweza kuchambua namba kubwa kwa wepesi. Kompyuta yenye nguvu hiyo haijatengenezwa, lakini Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vya makufuli mapya yasiyotegemea ugumu wa kuzichambua namba. Simu na vivinjari vinavyopata masasisho vitahamia huko bila mtumiaji kufanya lolote. Vifaa vilivyoachwa na watengenezaji wake vitabaki na kufuli la zamani.

Kwa sababu hiyo, tunamshauri mnunuzi wa simu, ruta au kamera ya mtandao amwulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: kifaa hiki kitapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Jibu liandikwe kwenye risiti au kwenye hati ya dhamana. Iwapo masasisho yatakoma kabla ya mwaka huo, mtumiaji awasilishe malalamiko kwa muuzaji kwanza, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, alete kwetu nakala hiyo pamoja na risiti, jina na toleo la kifaa kama vilivyoandikwa chini yake au kwenye boksi.